Kupanga nyumba ya kukodi Nairobi mpaka ukifungua mlango unapumua

Kuna ile kufika nyumbani saa mbili usiku, umetoka tao na matatu ya muziki mpaka mbavu zinatetemeka, umepanda ngazi floo nne juu lifti hakuna, unafungua mlango, unawasha taa, na badala ya kupumzika unaskia ni kama umeingia steji ingine. Mimi nimeishi hivo miaka miwili nikiwa bedsita, yaani chumba kimoja cha kila kitu, mtaa wa Pipeline. Na si ati sikua najaribu. Kila mwisho wa mwezi nilikua nanunua kitu cha kurembesha, mara stika za ukuta, mara kapeti la manyoya, mara zile taa za kamba zinazobadilisha rangi, mara maua ya plastiki. Nyumba ikazidi kujaa na mimi nikazidi kuchoka. Ilinichukua mda kuelewa kwamba vitu vinavyonikera bado viko palepale, mimi nawekelea tu vingine juu yake.

Kwa hivo huu mwongozo unaanzia huko. Kwanza tunatafuta kinachokukera tunakitoa, alafu ndio tuongee mambo ya rangi na mito. Saa hii niko Umoja, chumba kimoja cha kulala na sebule, ya kukodi, na karibu kila kitu nimeandika hapa nimekifanya kwa mikono yangu ama nikiwa nimesimama kando ya fundi. Bei sitaziweka, zinabadilika sana, na huko soko la mitumba la Gikomba bei ya saa kumi na mbili asubuhi sio ya saa nane mchana.

Hatua ya 1: Kaa na nyumba wiki nzima bila kununua kitu

Chukua daftari. Keti sebuleni dakika kumi mara tatu kwa siku, asubuhi kabla utoke, mchana wikendi, na usiku kabla ulale. Simu iweke mbali. Andika macho yanagonga nini kwanza ukiingia, unaskia nini, unanusa nini, mguu unajikwaa wapi, mkono unatafuta nini na haukipati. Usiandike "nyumba ni mbaya", andika kitu chenyewe. Yangu ilikua hivi: balbu nyeupe imening'inia juu ya kitanda bila kivuli (kile kifuniko cha taa), mlango wa bafu unagonga kila upepo ukipita, mitungi minne ya maji nyuma ya mlango kwa hivo mlango haufunguki wote, na waya za chaja zimelala kwa meza kama nyoka.

Angalia hiyo orodha vizuri. Hakuna ata kimoja ambacho stika ya ukuta ingesaidia. Mlango wa bafu ulinyamaza na kipande cha ndara kuukuu nilichokata nikakigundisha kwa fremu, kazi ya dakika tano baada ya kuskia ule mlio miaka miwili.

Hatua ya 2: Toa, alafu tafutia kila kilichobaki mahali pake

Nyumba za Nairobi ziko na mizigo ambayo zile picha za nyumba za mtandaoni hazina. Maji ya mgao lazima uyaweke mahali, mtungi wa gesi uko hapo, beseni ya nguo iko hapo, viatu vya familia viko hapo na ukiviacha nje kwa korido asubuhi unaweza kuta vimetembea. Hivi vitu haviendi popote, kwa hivo vipangie kama wageni wa kudumu.

Mitungi mimi niliitengenezea benchi. Nilipima mtungi wa lita 20 urefu na upana, nikaenda kwa fundi wa mbao mtaani akanitengenezea benchi refu lililo wazi chini, mitungi minne inaingia imepangana, mbele nikashonea leso kama pazia kwa kamba ya mpira, juu nikaweka godoro jembamba. Saa hii ni kiti cha kuvulia viatu. Mtu akiingia anaketi hapo na hajui amekalia lita themanini za maji.

Gesi usiifungie kwenye kabati lisilo na hewa. Ikivuja inajikusanya chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hivo iache mahali penye upepo na isimame wima.

Vitu vidogo, yaani rimoti, chaja, dawa, funguo, nunua kiondo kimoja ama viwili soko la Kariokor, vile vya mkonge vilivyosukwa, kimoja kiwe cha waya peke yake. Alafu juu ya kabati la tivi acha vitu vitatu tu. Najua ni ngumu. Nilikua na trofi ya shule, saa iliyokufa, maua ya plastiki, picha sita na kalenda mbili. Nilibakisha picha moja na kibakuli cha jiwe la Kisii, na siku ya kwanza sebule ilikaa uchi kabisa, lakini kufika wiki ya pili nikaanza kuiona hiyo picha tena. Ilikua ni ya nyanya yangu na nilikua nimeacha kuiangalia kitambo.

Hatua ya 3: Taa

Hapa ndio nitakaa kidogo. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, weka kwa taa.

Balbu nyingi utakazokuta umewekewa ni zile nyeupe za kama hospitali. Kwa boksi ya balbu kuna namba inafuatwa na herufi K. Ikiwa 6500 ni ile nyeupe inayoelekea bluu, ikiwa 2700 ama 3000 ni ya njano kama mwanga wa taa ya chemli. Sebuleni na chumba cha kulala weka 2700 ama 3000. Jikoni na mahali unasomea unaweza weka 4000. Na sio mambo ya urembo peke yake, mwanga mkali mweupe usiku unachelewesha mwili kutoa melatonini, ile homoni inayoleta usingizi, kwa hivo unalala kitandani macho yako makavu na unafikiria ni stresi ya kazi. Kabla ulipe angalia pia kichwa cha balbu, kuna za pini mbili na kuna za skruu, toa ya zamani uende nayo dukani. Wati 9 za LED zinatosha chumba cha kawaida.

Jambo la pili ni urefu. Taa moja juu katikati ya dari inafanya kila kona iwe na kivuli na kila uso ukae umechoka. Unataka mwanga utoke chini, usawa wa mtu aliyeketi, na utoke sehemu mbili ama tatu. Kwa hivo jioni zima ile ya dari, washa taa ya meza kando ya kochi na ingine ndogo kona ya mbali. Maduka ya vitu vya stima ya Luthuli huko tao utapata vishikilia balbu vyenye waya, swichi na plagi tayari, unachomeka kwa soketi, kivuli cha taa unaweza tengeneza na kikapu.

Yangu nimeifanya na kiondo kilichopinduliwa, balbu ndani. Lazima iwe LED kwa sababu haichomi kama zile za zamani, na bado uache nafasi balbu isiguse mkonge. Chini yake nimetandika kitambaa mamangu alifuma na sindano ya krosheti nikiwa darasa la nne. Usiku mwanga unapita kati ya matundu ya mkonge unaangukia kile kitambaa, ukutani panakua na madoa madogo madogo ya njano, na ukipumua karibu nayo inacheza kidogo. Mama alipokuja mwezi wa nne alikalia kile kiti cha kando, akasema "sasa hapa mtu anaweza kaa", dakika kumi baadaye alikua amelala na kikombe mkononi.

Kuhusu ekstensheni, plagi zetu ni za ampea 13 kwa volti 240, yaani kama wati 3,000 hivi kwa soketi moja. Taa tatu za LED ni kitu kidogo sana, lakini birika la stima na pasi kwa ekstensheni moja wakati mmoja ni hatari. Na usipitishe waya chini ya kapeti.

Hatua ya 4: Dirisha, jua na pazia

Jua dirisha lako linaangalia wapi. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hivo mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini, na Disemba na Januari linapita kusini. Maana yake dirisha la kaskazini linakupa jua wakati wa baridi na ni bahati, usiliwekee kabati mbele. La mashariki ni zuri kwa chumba cha kulala kama unaamka mapema. La magharibi linachoma kuanzia saa tisa mchana, hapo ndio pazia zito linahitajika. Na kama dirisha linaangalia ukuta wa ploti ingine mita mbili mbele, kama langu la Pipeline, usihangaike na pazia zito mchana, weka shia pekee, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, na kioo cha kujitazama kikae ukuta wa kando ya dirisha kirushe huo mwanga kidogo ndani.

Kosa ninaloona kila nyumba ni fimbo ya pazia kuwekwa palepale fremu inapoishia. Ipandishe sentimita 15 mpaka 20 juu ya dirisha, na ipite kila upande sentimita 30, ndio ukifungua pazia likae kwa ukuta sio kwa kioo. Kitambaa kiwe mara mbili ya urefu wa fimbo. Mfano, dirisha la mita 1.5 linahitaji fimbo ya mita 2.1, na kitambaa mita 4.2. Eastleigh vitambaa vingi vya pazia viko na upana wa mita 2.8, huo upana ndio unakua urefu wa kutoka juu mpaka chini, kwa hivo mita 4.2 zinatosha bila kuunganisha. Mwambie fundi pazia liishie karibu kugusa sakafu, lisikatikie katikati ya ukuta.

Na tafadhali yale matundu ya hewa juu ya dirisha usiyazibe na magazeti. Najua Julai baridi inaingia hapo. Lakini ukizibia hewa, ule mvuke wa kupika, wa kuoga na wa nguo unazoanika ndani unaenda kukaa nyuma ya kabati na hapo ndio ukungu mweusi unaanzia, alafu unanunua manukato ya kufunika harufu ambayo umeifuga mwenyewe. Sogeza kabati sentimita tano kutoka ukutani na ufungue madirisha mawili yanayoangaliana nusu saa kila asubuhi.

Hatua ya 5: Kelele

Kapeti na pazia vinapunguza mwangwi wa ndani, ile sauti ya sebule ya tailisi kuongea kama ukumbi. Hilo peke yake linaleta amani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lakini havizuii kelele ya nje, usidanganywe. Kelele ya nje inaingia kwa nyufa. Angalia chini ya mlango, kama mwanga wa korido unaonekana basi na sauti inapita hapo. Shona mfuko mrefu kama nyoka, ujaze mchanga ama nguo kuukuu, uweke usiku. Madirisha ya chuma yanayocheza weka sponji ya kubandika pembeni.

Besi ya klabu ama ya spika za jirani ni kitu kingine, inapita ukutani. Hapo unachoweza ni kuhamisha kitanda kitoke kwa ukuta mnaoshirikiana na kuweka kabati lililojaa nguo mahali pake. Nimefanya hivo na kelele haikuisha, lakini kitanda kiliacha kutetemeka. Na ikiwa ni kila usiku mpaka alfajiri, Kenya iko na kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, mna haki ya kulalamika NEMA, ile mamlaka ya mazingira, ama kwa kaunti. Mkienda wapangaji kadhaa pamoja inabeba uzito.

Hatua ya 6: Rangi

Kwanza omba ruhusa kwa landilodi kwa meseji, uhifadhi jibu. Wengi wanakata pesa ya rangi kwa diposti ukihama hata kama hukugusa ukuta, kwa hivo afadhali mkubaliane mapema.

Nyumba yenye giza usipake nyeupe tupu, itakaa kijivu. Tafuta yenye joto kidogo ndani yake, krimu, rangi ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa, udongo hafifu, ama kama unapenda kijani basi kile cha majani ya mkaratusi yaliyokauka. Usiamini kile kikadi cha duka. Nunua kopo dogo, paka karatasi ngumu kubwa mara mbili, uisogeze ukuta hadi ukuta siku mbili, uione asubuhi na uione chini ya taa ya usiku. Rangi isiyong'aa inaficha mabonde ya plasta na inatuliza macho, lakini haioshwi vizuri, kwa hivo mahali watoto wanapitia chukua inayong'aa kidogo.

Hesabu ni hii. Chumba cha mita 3 kwa 3, ukuta wa mita 2.6 kwenda juu, ni kama mita za mraba 31, toa mlango na dirisha zinabaki 27 hivi. Unapaka mara mbili, 54. Lita moja inafunika mita 10 mpaka 12, kwa hivo ni lita 5. Kopo la lita 4 na moja la lita 1 yatakutosha.

Sasa kosa langu. Nyumba nyingi za zamani nusu ya chini ya ukuta imepakwa rangi ya mafuta ili ipanguswe. Mimi nilipaka rangi ya maji juu yake, wikendi nzima, mgongo ukauma, nikapiga picha nikatumia marafiki. Baada ya miezi mitatu ilianza kutoka kama ganda la kitunguu, unagusa na kidole inakuja yote. Nikaita fundi. Hakuuliza swali, alichovya vidole kwa maji akanyunyizia ukuta chini, matone yakakimbia mpaka sakafu. Akanyunyizia juu, yakafyonzwa yakaacha alama. "Umeona dada? Hapa chini ni oili. Maji haiwezi shika kwa oili." Siku mbili tulikwangua, tukasugua na msasa mpaka ule mng'ao ukaisha, tukapangusa vumbi na kitambaa kibichi, tukapaka andakoti moja, ile rangi ya msingi, ndio rangi ikafuata. Ni mwaka wa pili na haijatoka. Fanya hiyo ya matone kabla ununue rangi.

Hatua ya 7: Kochi, kapeti na vitambaa

Usinunue sofa ya watu saba kwa sebule ya mita tatu. Naisema kwa upendo juu nimeona ndugu zangu wakipita kando kando ndani ya nyumba zao kama kwa gari limejaa. Kochi moja la watu watatu, kama mita 2, na stuli mbili zinazoingia chini ya meza zinatosha, wageni huja siku mbili kwa mwezi. Kabla uende Ngong Road kwa mafundi, tandika magazeti sakafuni kwa ukubwa wa kochi unalotaka, uishi nayo siku moja. Njia ya kupita ibaki angalau sentimita 70. Alafu pima mlango na kona ya ngazi, hiyo watu husahau. Muulize fundi mbao imekauka, na sponji ni ya ujazo mzito, ikalie dakika tano uone kama matako yanagusa ubao.

Kapeti liwe kubwa vya kutosha miguu ya mbele ya kochi iikanyage. Dogo linaloelea katikati linafanya chumba kikae kidogo zaidi. Kama kapeti ni ghali, mkeka wa ukindu wa Pwani unafanya kazi nzuri mchana wa joto, na Julai unatandika shuka la Kimasai juu.

Rangi za vitambaa chagua tatu tu na uzirudie. Vile vitambaa vyeupe vya kufuma vya mama zetu usivitupe eti ni vya kizamani. Viwili vinatosha, mahali mkono unapumzika.

Mitumba Gikomba na Toi utapata mashuka ya pamba na mablanketi ya kamera, yaani gredi ya kwanza, mazito, ambayo dukani hungeweza. Osha kwa maji ya moto, nyuzi 60, jua peke yake haliui kunguni kila wakati. Na fanicha ya mtumba kabla uibebe washa tochi ya simu, angalia mishono, matundu ya skruu na chini ya kitambaa cha chini. Ukiona vidoti vyeusi kama vya kalamu ya biro, acha hata kama ni ya bure.

Hatua ya 8: Chumba cha kulala na baridi

Kitanda kikae mahali unaona mlango ukiwa umelala. Chini yake kuwe na masanduku yenye vifuniko ama kuwe tupu. Nguo ambazo hazijakunjwa zisilale kitini mbele ya macho, ziwekee kikapu chenye kifuniko. Tivi itoke.

Wakati wa baridi weka blanketi nzito chini ya shuka unalolalia, sio juu tu, utashangaa. Mfuko wa maji moto ni bora kuliko hita. Na jiko la makaa lisiingie chumbani kamwe, hata dakika tano, hata yakiwa yamebaki makaa mekundu bila moshi. Hewa yake haina harufu na watu wanalala hawaamki.

Hatua ya 9: Mimea

Anza na mmoja. Ule wenye majani marefu kama panga yaliyosimama, ama ule unaoitwa ZZ ambao asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, yote inavumilia giza na kusahaulika. Wauza miche wa kando ya barabara watakwambia inasafisha hewa ya nyumba. Hiyo inatoka kwa utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa 1989, na ulifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa, sio sebule, kwa hivo nunua kwa sababu unapenda kuiona, hewa utaipata kwa dirisha. Maji mara moja kila wiki mbili, ingiza kidole udongoni kwanza, ukiwa na unyevu acha. Kama kuna mtoto anayetambaa iweke juu, ZZ ikitafunwa inawasha mdomo.

Hatua ya 10: Siku ya kuhama

Kila kopo la rangi ulilonunua piga picha ya namba iliyo kwa kifuniko, ndio ukiziba matundu ya misumari na fila upate rangi ileile ya kugusia. Fimbo za pazia fungua mwenyewe na skrudraiva kabla watu wa lori wafike, wao huvuta na plasta. Zile balbu nyeupe ulizozikuta uwe umeziweka kwa boksi juu ya kabati siku ya kwanza, uzirudishe dari, uende na zako za 3000, na ziwe za kwanza kutolewa kwa mzigo ukifika kule kwingine usiku.